Usingizi Juu ya Kaburi la Babu

Mimi kushikwa kichwa sipendi. Niseme hilo mapema, maana wapo watu, hasa kanisani kwetu, wanaodhani kichwa cha mama mtu mzima ni meza, unaweka mkono tu unavyotaka. Usiniwekee. Shikamoo yako nitakupa yote, tena kwa heshima, lakini mkono wako baki nao.

Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo azaliwe kwetu. Sisi ni wafugaji wa tambarare za Hanang, upande wa Basotu, na kwetu mtoto hamwamkii mkubwa kwa mdomo peke yake. Anasogea, anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi, na hapo ndipo salamu imekamilika. Mzee aliyenyimwa kichwa ametukanwa. Na boma letu, nakuambia, halikukosa mzee mgeni hata siku moja. Leo kaja wa kuulizia ndama, kesho kaja wa kuposa, keshokutwa kaja wa kunywa tu.

Watu walidhani naogopa. Sikuwa naogopa. Kiganja kile kikitua, hata kiwe kimetua kwa upole, ngozi ya kichwa ilikuwa kama inamwagiwa maji ya moto, meno yakauma, na sauti za watu wote waliokuwepo zikaingia masikioni kwa mkupuo mmoja. Kofi la mama lilikuwa afadhali mara nyingi. Kofi linakuja, linaondoka, mnaachana. Lakini mguso wa polepole ulibaki pale pale kichwani hata baada ya mwenye mkono kuondoka na kwenda zake. Kwa hiyo nilikuwa nakwepa. Nikishindwa kukwepa, nilipiga kelele. Nikimaliza kupiga kelele, nilichapwa.

Na hayo ni ya kichwa tu. Mama alivaa bangili za shaba kuanzia kiwikoni kushuka chini, kama wanawake wote wa kwetu, na kila alipokamua zililia, chi, chi, chi, mpaka nikaziba masikio na kuacha ndama akimbie na kamba. Maziwa ya kibuyu yalinishinda. Kibuyu chetu kinasafishwa kwa kijinga cha moto, na ule moshi ndio utamu wenyewe. Wenzangu wakinusa wanameza mate, mimi ulinipanda puani ukakaa humo mpaka jioni. Mtoto wa wafugaji asiyekunywa maziwa! Mama alikuwa anaona aibu mpaka ananinywesha kwa kificho maziwa mabichi ya kwenye bakuli, kama mgonjwa.

Lakini usidhani nilikuwa mtoto wa kupenda utulivu. Hapo ndipo nilipowachanganya watu. Kukaa sikuweza. Nilizunguka boma mbio mpaka mbwa wakachoka kunifuata. Nilijitupa kwenye uzio, nilijibingirisha kwenye vumbi, na kitu nilichokipenda kupita vyote ni kuingia katikati ya ng'ombe wawili wakubwa jioni wakiwa wamesongamana, wanibane mbavu huku na huku. Mama alisema nina siafu ndani ya damu. Baba alisema nitakanyagwa nife, na akasema kwa sauti ambayo mimi sikuipenda, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu akakubali.

Bibi, mama yake baba, hakusema kitu. Yeye alikuwa mjane, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote pale bomani, wanaume wakiwemo. Kiswahili hakujua zaidi ya marahaba. Alikuwa akinyoosha mkono kuja kichwani kwangu, unafika nusu, anaurudisha, anaendelea na ugoro wake. Sikujua kwa nini anaurudisha. Nilishukuru tu.

Babu sikumwona. Alikufa kabla sijazaliwa, na wazee walikubaliana azikwe kwa heshima kubwa, jambo ambalo kwetu si la kila mtu. Mtu wa namna hiyo hafukiwi tu na kuachwa. Wanawe na watu wa ukoo wanampandishia udongo juu ya kaburi, miezi kwa miezi, mpaka kinakuwa kilima kirefu kuliko mtu, na siku ya kumaliza watu wanatoka mbali sana kuja kunywa pombe ya asali. Kuanzia hapo pale ni mahali. Mtu ana neno, anakwenda kulisema pale. Mvua zinakishusha kile kilima mwaka hadi mwaka, na wakati wangu kilikuwa kimebaki kama kichuguu kikubwa chenye majani.

Ngano ilikuwa imeshafika karibu nacho. Shamba la serikali lilianza kabla ya akili yangu, kwa hiyo mimi sikuwahi kuiona tambarare bila ngano. Wazee waliiona. Walikuwa wakisimama wanaonyesha kwa fimbo: pale palikuwa na kisima, pale lilikuwa boma la fulani, pale tulikuwa tunalisha wakati wa kiangazi. Mimi nikitazama ilikotoka fimbo mpaka inakoelekea naona ngano tupu, hakuna hata mti wa kumfunga mbuzi. Ng'ombe wakiingia humo wanakamatwa. Bibi akisikia mashine zinanguruma kwa mbali aligeuka, akazipa mgongo, hata kama yuko katikati ya maneno.

Sasa siku moja ya mavuno walikuja wazee wengi kwa mpigo, kulikuwa na kikao cha ukoo. Nilivihesabu viganja kwa macho, nikaona hapa sitoki salama. Nikatoka nduki. Nilikimbia mpaka kwenye kilima cha babu, nikajilaza kifudifudi upande wa pili ili nisionekane, uso kwenye majani, na shamba likiwa pale chini yangu.

Kombaini ilikuwa inakuja. Unajua zile kombaini za zamani? Kubwa kama nyumba, inakata ngano, inapura, inatema makapi nyuma, na vumbi juu yake. Nilitegemea kelele zake zitaniua. Lakini ilipokaribia kugeuka pale mwisho wa shamba, kabla sauti haijafika vizuri, ardhi ilianza kutetemeka. Ilianzia magotini. Ikapanda mapajani, tumboni, kifuani, mpaka taya. Kila kitu kilichokuwa kinaniwasha kikatulia mahali pake. Nzi walikuwa bado usoni, lakini walikuwa nzi tu. Jua lilikuwa jua tu. Sikuwa nimewahi kukutana na hali hiyo maishani mwangu, na nikafanya kitu ambacho mama anaapa sikuwahi kukifanya mchana tangu niache kunyonya. Nikalala usingizi.

Bibi ndiye aliyenikuta. Naambiwa alisimama muda mrefu. Halafu akainama, akanyoosha ule mkono wake, na safari hii akaufikisha. Nakumbuka hapo, maana nilifumbua macho kidogo. Kiganja chake kilikuwa kichwani kwangu, kizima, kizito, na mimi sikuruka. Nikafumba macho tena. Mashine ilikuwa inageuka.

Alirudi bomani analia, akawaambia wote: "Babu yake amempokea."

Nani angebisha? Mtoto asiyeshikika kashikika, mtoto asiyelala kalala, na yote mawili juu ya kaburi la mwanamume wa heshima. Kuanzia siku ile wazee waliacha kichwa changu. Nilikuwa nikisogea kuamkia wanainua mkono hewani tu, wanasema, "Huyu ni wa babu yake, mwacheni." Jamani, raha niliyoipata! Nilizunguka boma kama mtoto wa mfalme.

Siku hizi kuna maneno ya mambo haya. Nimeyapata nikiwa mtu mzima, kwa ajili ya mwanangu wa mwisho, ambaye shuleni alikuwa anajificha chini ya dawati kengele ikilia, na mwalimu wake akaniita kunieleza kwamba nimemdekeza. Niliondoka pale nimefura. Nilimpeleka kwa daktari mjini, na yule daktari, binti mdogo tu, akaniambia kuna usonji, na kuna lile jingine la watoto wasiotulia na mawazo yao hayatulii, na mara nyingine yote mawili yanakaa kwa mtu mmoja. Akasema ubongo wa watu hao unapokea vitu tofauti. Mguso mwepesi unakuwa moto, sauti ndogo inakuwa msumari, na hapo hapo mwili unaweza kuwa na njaa ya kitu kizito: kubanwa, kurushwa, kutikiswa. Ukimpa kile kizito, anatulia. Nilimtazama yule binti nikataka kumwambia, mwanangu, mimi hayo niliyasoma nikiwa nimelala kifudifudi. Lakini yeye alikuwa anaongea na mwanangu vizuri, bila kumshika, na hilo lilinitosha.

Lakini wakati ule hapakuwa na neno, na mtu asiye na neno haulizwi. Bibi alianza kunipeleka pale kila alipoona nimechafukwa. Wakati wa mavuno ilikubali. Wakati wa kulima ilikubali pia, trekta zikipita. Miezi mingine nilijilaza pale, majani yananichoma tumbo, ardhi kimya kama jiwe, na mimi nahangaika nageuka huku na huku. Bibi alikuwa anakaa pembeni anasema kwa huzuni, "Leo amelala." Mimi nilijua si kulala kwa babu. Nilijua ni mashine. Hakuna aliyeniuliza.

Shule nilipelekwa kwa sababu serikali ilikuwa inadai watoto, na kila boma lilitoa yule ambaye halina kazi naye. Kwetu ilikuwa mimi, hakuna aliyewaza mara mbili. Ile sare! Kola yake ilinikata shingo mpaka nikaitafuna yote. Chaki ikilia ubaoni nilikuwa natoka nje bila ruhusa, narudi, nachapwa, nakaa, natikisa benchi mpaka mwenzangu anashitaki. Lakini Kiswahili kilinikubali haraka. Walimu wetu walitoka mikoa ya mbali, walitufundisha kwa kuimba darasa zima kwa pamoja, kwa nguvu, na kitu cha kuimba kwa nguvu mimi kinaniingia. Nilipofika darasa la nne nilikuwa najua Kiswahili kuliko mtu yeyote bomani, baba akiwemo, na nilikuwa naringa nacho.

Basi mwaka huo, baada ya mavuno, walipita watu wa kupima wakaweka vigingi. Shamba linaongezwa. Bibi alikwenda kuangalia, akarudi na habari. Kigingi kilikuwa upande wa huku wa kilima cha babu. Maana yake kaburi limeingia ndani ya shamba, na plau likija, linapita juu.

Wanaume walikwenda ofisini kwa meneja wa shamba. Walirudi wamefura. Waliambiwa kwenye ramani hakuna kaburi pale, na aliyepima aliona kichuguu. Baba alijaribu kueleza, hasira zikamzidi, Kiswahili kikamkimbia, wakatolewa nje. Wiki ile bomani hakukulika. Bibi alikuwa anakwenda pale kaburini asubuhi anarudi jioni. Siku moja akasema, "Mleteni huyo mtu hapa aone. Nitasema naye mimi. Maneno yangu yatapita kwenye mdomo wa huyu." Akaninyooshea kidole.

"Mama, huyu ni mtoto," baba akasema.

"Ndiye shahidi."

Sijui walimshawishije, lakini meneja alikuja. Alikuja na gari, yeye na dereva. Mtu wa mbali, mpole wa sura, viatu vimejaa vumbi, anaonekana hajalala vizuri. Wazee walikuwa wamekaa upande mmoja na fimbo zao. Meneja alifika akaenda moja kwa moja kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Hapo Kiswahili cha bibi kikaisha, nikasogezwa mbele.

Bibi alisema, nami nikatafsiri. Nikasema hapa amelala babu. Nikasema udongo huu ulibebwa kwa mikono ya wanawe. Nikasema bibi anasema, kuna mtoto hapa bomani ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kutulia, hashikiki, halali, na akija hapa juu ya babu yake anatulia, analala, hata ukimshika kichwa hashituki. Kama hapa hakuna mtu, mtoto anatulizwa na nani?

"Mtoto gani?" meneja akauliza.

"Mimi."

Dereva alicheka. Meneja hakucheka. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Haya binti. Niambie wewe mwenyewe. Ukilala hapa unasikia nini?"

Nilimwona bibi pembeni, amenikazia macho, hajui nimeulizwa nini lakini anajua ni hapo. Nilijua anategemea nini. Nilijua jibu lenye faida. Lakini mimi nina ugonjwa mwingine, kama ni ugonjwa: nikiulizwa swali, linalotoka ni lile lililopo. Mume wangu anaujua vizuri, umemgharimu marafiki. Mdomo ulifunguka.

"Nasikia mashine," nikasema. "Kombaini ikigeuka pale, ardhi inatetemeka, na mwili wangu unapoa. Mashine zisipokuwepo sisikii kitu."

Wazee wanaojua Kiswahili waliguna. Baba alishika kichwa. Meneja akainuka taratibu, akajipangusa magoti, akawaambia wazee, tena kwa huruma, hilo ndilo lililoniuma: "Wazee wangu, mmemsikia mtoto wenu. Mimi nitasema nini zaidi?" Akaanza kurudi kwenye gari.

Bibi akanivuta nguo. "Umemwambia nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, kwa kikwetu, na kikwetu kiliyafanya yawe mabaya zaidi. Nikasubiri anipige. Nilitamani anipige.

Hakunipiga. Alikaa chini, pale pale kwenye ubavu wa kilima, akawa anavuta majani moja moja. Kisha akasema, "Mwambie asiondoke."

"Meneja! Bibi anasema usiondoke!"

Akasimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Mwambie," bibi akasema, "huyu aliyelala hapa alikuwa mume wangu, nilimzalia watoto wote hawa, na sikuwahi kumshika kichwa hata siku moja. Alikuwa hawezi."

Nilisahau kutafsiri. Nilimtolea macho.

"Sema!"

Nikasema.

"Mwambie wazee wakija kwetu alikuwa anachukua mkuki anatoka, anasema kuna ndama amepotea. Hakuna ndama aliyepotea. Mimi nilijua. Ninyi," akawageukia wazee, "mlikuwa mnamsifu kwa kupenda mifugo yake."

Mzee mmoja, rika la babu, alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba, halafu akaanza kucheka peke yake, polepole, anatikisa kichwa.

"Mwambie hapa tulipo ndipo ilipopita njia ya ng'ombe kwenda ziwani. Ng'ombe wa maboma yote haya. Mume wangu alikuwa anakuja hapa asubuhi, analala chini, mtu mzima, tumbo kwenye vumbi, na ng'ombe wanapita pembeni yake mpaka wanaisha. Akirudi nyumbani anaweza kukaa na watu. Siku asipokuja anapiga watoto, anavunja vitu. Alipokuwa anakufa alisema, mnizike pale. Wanangu walitaka kumzika karibu na boma. Mimi nikakataa, nikasema pale pale. Sikuwaambia sababu. Ningesemaje? Kwamba mwanamume mnayetaka kumpandishia kilima alikuwa analala njiani kama mbwa?"

Nilikuwa natafsiri sasa bila kuvuta pumzi. Baba alikuwa anamtazama mama yake kama hajawahi kumwona. Mimi nilikuwa nataka aendelee, na nilikuwa nataka anyamaze, maana kila alichosema nilikijua kwa ngozi yangu, na sikuwahi kudhani kuna mtu mwingine duniani anayekijua.

"Mwambie ile njia wameifunga. Ng'ombe hawapiti tena. Tangu walipoifunga nilikuwa nalia, nasema mume wangu nimemweka mahali pa kimya, yeye ambaye kimya kilimtesa. Sasa mtoto huyu ananiambia kule chini bado kunatetemeka. Basi. Mwambie nashukuru. Mashine zao zipite. Zipite hapa pembeni, mwaka huu na mwaka kesho, zisiache. Ila zisipite juu yake."

Hilo la mwisho sikuliweza. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia mbele ya wazee wote, makamasi mpaka kidevuni, nikiona aibu na nisiweze kuacha. Hakuna aliyenigusa. Meneja alirudi kutoka kwenye gari, akasimama mbele yangu kwa mbali kidogo, akasema, "Pole, mwanangu. Sema taratibu. Tunakusubiri."

Nikasema taratibu.

Meneja akaenda kwenye kigingi, akakitikisa, hakikutoka, akamwita dereva, wakakitikisa wote wawili mpaka kikang'oka. Akakipigilia upande wa pili wa kilima. Alimpungia bibi mkono, akaondoka.

Misimu kadhaa ilipita hivyo. Plau lilizunguka, kombaini ikazunguka, na kile kilima kikabaki ukingoni mwa ngano na majani yake. Nilikuwa nakwenda nalala. Bibi aliacha kuzipa mashine mgongo. Akawa anakaa anazitazama zinavyogeuka, na dereva akikaribia sana anamfokea kwa kikwetu, dereva anampungia, hajui anatukanwa.

Halafu yule meneja akahamishwa. Akaja mwingine, na ramani ilikuwa ile ile. Sikuwepo, nilikuwa nimekwenda Dongobesh kwa shangazi. Niliporudi nilipitia kule kwanza, kabla ya nyumbani, nikazunguka nikidhani nimekosea mahali. Udongo mweusi, mistari ya plau imenyooka, imepita moja kwa moja bila hata kupinda. Asubuhi moja tu iliwatosha. Wanaume walikwenda ofisini, wakaenda wilayani, wakarudi, wakaenda tena. Sitasimulia yote, maana nikisimulia presha inapanda. Watu wanasema yamepita. Kwangu hayajapita. Nina hasira mpaka leo, na sioni kwa nini nisiwe nayo.

Bibi hakwenda ofisini. Alikaa ndani mwezi mzima, mvua zikanyesha, ngano ikaota, ikakomaa. Mashine zilipoanza kuvuna alichukua fimbo yake, akaniambia, "Twende." Alikuwa amezeeka ghafla, nilikuwa natembea hatua moja namsubiri. Kilima hakikuwepo, kwa hiyo tulifika tu ukingoni, kwenye mabua yaliyokwisha kukatwa, tukasimama kama watu waliokosa mlango.

"Lala," akasema.

Nikalala. Na yeye, kwa taabu, akiegemea fimbo, goti moja kwanza, halafu jingine, akajilaza kifudifudi pembeni yangu na sketi yake ya ngozi, shavu kwenye mabua. Bibi yangu! Nilitaka kumwinua, akanizuia kwa macho.

Kombaini ikaja. Ikageuka. Ikapita.

"Mimi sisikii kitu," bibi akasema. "Mabua yananikwaruza tu. Wewe niambie."

Sikuwahi kuambiwa nieleze. Nilianza vibaya, nikarudi mwanzo. Nikamwambia inaanzia magotini. Nikamwambia inapanda polepole mpaka kwenye taya, na inapopita kila kitu kinachowasha kinarudi mahali pake, na kwa muda mfupi mtu anakuwa na ngozi moja tu, kama watu wengine. Nikamwambia ikiisha unaweza kwenda kukaa na watu, unaweza hata kuwapenda.

Bibi alikuwa amefumba macho, machozi yanapita juu ya pua yanadondokea upande wa pili.

"Babu yako aliniambia," akasema. "Siku moja, tukiwa vijana, alijaribu kuniambia. Magotini, taya, hivyo hivyo. Nilimcheka mpaka akanyamaza, na hakusema tena."

Mashine ilikuwa inarudi. Hatukuinuka mpaka dereva alipozima akaenda kula.